Doti ya Bibi na Historia ya Vijembe

Nilipotea kidogo, mniwie radhi. Nilikuwa Tanga. Bibi yangu mzaa mama alitutoka mwaka jana, na mama mdogo aliniita nikamsaidie kugawa nguo zake, kazi ambayo kila mtu pale nyumbani Ngamiani alikuwa anaikwepa. Basi tukafungua kasha. Kanga juu ya kanga, nyingine zimepauka hadi maandishi hayasomeki. Chini kabisa nikakuta doti moja haijakatwa wala kupindwa, bado ngumu kama imetoka dukani, chapa ya Urafiki. Maandishi yake: Usisafirie nyota ya mwenzio.

"Mama mdogo, hii mbona mpya?"

Akaitazama, akacheka kidogo, akakaa kitandani. "Hiyo ilikuwa ya vita mwanangu."

Vita yenyewe ni hii. Miaka ya 1970 katikati, babu aliongeza mke wa pili, barabara chache tu kutoka kwa bibi. Yule bibi mdogo akawa kila Ijumaa anapita mbele ya nyumba, polepole, amejitanda kanga yenye maneno. Bibi yangu akajibu kwa kanga. Yule akajibu tena. Mama mdogo anasema ilikwenda hivyo mwaka mzima, na katika mwaka huo hakuna aliyemtolea mwenzake neno la mdomo zaidi ya salamu. Hii doti bibi aliinunua kwa ajili ya harusi ya jirani, ambako alijua mke mwenzake atakuwepo. Wiki ile ile yule mwenzake akafiwa na mtoto. Bibi akaifungia doti kasha, akaenda msibani, akakaa siku zote tatu jikoni na masufuria. Hakuivaa tena maisha yake.

Nimerudi Dar na hiyo doti kwenye begi, na tangu hapo nasoma kila ninachokipata kuhusu jambo moja: wanawake wa pwani yetu waligombana vipi? Nauliza kwa sababu kuna kijana tunafanya naye kazi chumba cha habari, ambaye kila ikija habari ya wanawake waliopigana husema kwamba wanawake hawana ubavu wa ugomvi, wana umbea tu. Huwa tunacheka. Siku hizi nacheka kidogo zaidi kwa uchungu.

Tuanze na mwanamke tuliyefundishwa kumheshimu shuleni. Mwaka 1858 Mwana Kupona, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alitunga utendi wa kumuusia binti yake, Mwana Hashima. Wengi tunaukumbuka kama wosia wa adabu: mridhishe mume, punguza maneno, usibishane. Wapo wasomi wanaosema bibi huyu alikuwa na ncha kali kuliko tunavyomsoma. Sitaingia huko. Ninachokitaka ni kile ambacho jamii iliuchukua utendi kuwa: kipimo. Mwanamke muungwana ni mtulivu. Sasa niambie wewe, ukiwa na hasira katika mji ambao hasira yako yenyewe ni ushahidi kwamba huna uungwana, utaipeleka wapi?

Ukiitoa kwa mdomo umejishusha, ukiitoa kwa mkono umejishusha maradufu. Lazima upate njia ambayo ukiulizwa utasema, "Mimi? Mimi nimesema nini?"

Njia moja ilikuja na meli za mizigo. Kanga ilianza kuenea pwani miongo ya mwisho ya karne ya 19, kutokana na vitambaa vya leso vilivyoshonwa pamoja, ndiyo maana Mombasa mpaka leo wanaiita leso. Duka la Kaderdina Hajee Essak, ambalo watu walilijua kwa jina la Abdulla, lilifunguliwa Mombasa mwaka 1887, na familia hiyo ndiyo inayotajwa sana katika habari ya kuweka maneno kwenye kanga, kwanza kwa herufi za Kiarabu, baadaye za Kirumi. Watu hupenda kusimulia hilo kama historia ya urembo, lakini ngojeni. Unguja amri ya kuondoa hadhi ya utumwa kisheria ilitolewa mwaka 1897. Kabla ya hapo mjakazi alitambulikana kwa mbali kwa merikani au kaniki yake. Laura Fair, mwanahistoria aliyeandika kuhusu Unguja ya miaka hiyo, anaonyesha jinsi wanawake waliotoka utumwani walivyozitupa hizo nguo na kuingia kwenye kanga, tena za mtindo mpya kila zikifika. Kwa hiyo vazi lile tangu mwanzo lilikuwa na kauli ndani yake: mimi si yule uliyemzoea kumwamuru. Maneno yalipokuja kuchapwa juu, vazi lilikuwa tayari linajua kusema.

Na uzuri wa kanga (kwa mgomvi, nasema) ni kwamba maneno si yako. Aliyeyaandika ni mwenye kiwanda. Wewe umenunua nguo tu, rangi imekupendeza. Anayetaka kugombana na Mtasema mchana usiku mtalala, aende akagombane na Urafiki! Tena anayelalamika anajianika mwenyewe, kwa maana wote waliokuwepo watajiuliza kwa nini yeye, kati ya watu wote sokoni, ndiye aliyehisi ameambiwa. Mshambuliaji hana kesi, na aliyeshambuliwa hana pa kushtakia. Nimekaa miaka kadhaa nikiripoti mahakamani, sijaona wakili aliyepanga utetezi safi namna hiyo.

Njia ya pili ilikuwa kubwa zaidi, ya makundi, nayo ni lelemama. Margaret Strobel aliwahoji wanawake wa Mombasa miaka ya 1970 na kitabu chake kilitoka mwaka 1979. Ukikisoma utashangaa. Wanawake ambao mchana walikuwa ndani, wengine katika nyumba ambazo hawatoki bila buibui na idhini, walikuwa na vyama vya ngoma vyenye vyeo, sare, viongozi, na maadui rasmi. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 Mombasa iligawanyika, kwa upande wa akina mama, kati ya Ibinaal Watan na Banu Saada. Hawa wakifanya karamu ya kulisha watu, wale lazima walishe zaidi. Hawa wakishona sare, wale washone ya ghali zaidi. Waume walilalamika kuhusu gharama. Masheikh walilalamika kuhusu kila kitu. Na ndani ya nyimbo yalikuwemo mafumbo: mtu aliyekosea, aliyeiba mume, aliyevunja heshima ya chama, alitungiwa wimbo ambao haukumtaja jina, akaimbiwa hadharani huku mji mzima unajua.

Mnaona kitu hapo? Ile haikuwa fujo. Kulikuwa na zamu, kulikuwa na kanuni, kulikuwa na watazamaji wa kuamua nani kashinda. Wanaume wetu wana Simba na Yanga, hakuna anayewaambia wana umbea.

Unguja nako yalikuwepo. Katikati ya karne iliyopita vilikuwepo vilabu vya taarab vya akina mama vyenye majina ambayo ukiyasikia mara ya kwanza unadhani ni mzaha: Royal Air Force na Royal Navy. Majeshi ya anga na majini ya Mwingereza! Walichukua majina ya silaha za mkoloni wakavaa wao, wakapigana kwa sauti. Sijui kama nimewahi kukutana na jina la bendi lililonifurahisha zaidi ya hayo.

Lakini nisiwapake rangi ya kuvutia tu. Vijembe vinaumiza, na vilikusudiwa viumize. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba karibu mwaka 1880, mtoto wa wazazi waliotoka utumwani, alipoanza kupata jina mjini alitungiwa maneno ya kumdhalilisha: kwamba ni mtu wa shamba, kwamba alikuja mjini na kaniki akiuza vyungu, kwamba hana hata sura. Angalieni silaha zilizotumika. Kaniki, yaani utumwa. Sura, yaani wewe hufai hata kuwa mwanamke. Siti akajibu kwa wimbo, kwamba uzuri wa sura si kitu mbele ya akili, na mwaka 1928 akapanda meli hadi Bombay kurekodi santuri ambazo zilisikika pwani nzima. Jibu safi. Lakini lile tusi la kwanza lilichota pale pale kwenye kidonda cha historia, na walioshangilia walikuwemo wanawake ambao mama zao walivaa kaniki hiyo hiyo.

Haya, tuje kwenye kizazi cha mama mdogo. Yeye ni mtoto wa Tanga ya Black Star na Lucky Star, makundi mawili ya taarab yaliyougawa mji miaka ya 1970, na mpaka leo ukimtajia lile ambalo hakulishabikia anakunja uso. Baadaye akahamia Dar akiwa mke wa mtu, akayakuta mambo yamepanda moto. TOT ilianzishwa mwaka 1992, wakati siasa za vyama vingi zinarudi, chini ya Kapteni John Komba, na ikamchukua Khadija Kopa kutoka Unguja. Upande wa pili Muungano Cultural Troupe ikawa na Nasma Khamis. Hapo ndipo neno mipasho liliposhika mji. Mafumbo ya zamani yalivuliwa nguo. Badala ya maneno ya ndani ndani unayoyatafakari hadi usiku, sasa unaambiwa kavu kavu, na kibao cha wiki hii kinajibiwa wiki ijayo na kundi la pili.

Wazee wa taarab asilia walichukia sana. Mimi naona kilichowaudhi si lugha tu. Mafumbo yalikuwa yanamlinda pia anayeshambuliwa. Aliweza kujifanya hakusikia, akaenda nyumbani na heshima yake. Mipasho iliiondoa hiyo nafasi.

Ila silaha kali zaidi kwenye taarab haiko kwa mwimbaji kabisa. Iko ukumbini. Kelly Askew, Mmarekani aliyefanya utafiti wake Tanga na kutoa kitabu mwaka 2002, analieleza vizuri, lakini mtu yeyote aliyehudhuria harusi ya uswahilini analijua. Mwanamke amekaa kimya kwenye kiti chake tangu saa tatu usiku. Nyimbo tano zinapita. Kinapigwa kibao fulani, anafika mwimbaji kwenye ubeti fulani, yule mama anainuka. Ana noti mkononi. Hatembei moja kwa moja kwenda jukwaani. Anapita kwa kucheza, mzunguko mrefu, kwenye meza moja anapunguza mwendo, noti inapepea, jicho halimtazami mtu yeyote. Anatunza, anarudi kukaa. Ametumia noti moja tu na tayari wimbo ni wake, mtunzi ni yeye, na aliye kwenye ile meza ameshapata ujumbe. Niliona hivyo Mbagala mwaka juzi kwenye harusi ya binamu yangu. Yule wa kwenye meza alingoja nyimbo mbili, akainuka naye na noti mbili. Ukumbi mzima ulipiga vigelegele.

Na pale mafumbo yote yaliposhindwa, kulikuwa na kusuta, na bado kupo. Mtu amesema maneno ya uongo juu ya mwenzake, mashahidi wanakusanywa, akina mama wanakwenda na ngoma au matarumbeta mpaka mlangoni kwake, anawekwa kati, anaulizwa mbele ya watu: ulisema au hukusema? Wanangu wa mjini mnacheka video za kusutwa kwenye simu. Mimi nilishuhudia moja nikiwa darasa la sita na sijasahau uso wa yule mama. Ni mahakama, ndiyo, lakini ni mahakama isiyo na rufaa.

Sasa kwa yule mwenzangu wa umbea. Mwaka 1988 watafiti wa Finland, Kirsti Lagerspetz, Kaj Björkqvist na Riitta Peltonen, walichapisha utafiti wa watoto wa shule wa miaka 11 na 12. Walikuta wasichana wanatumia zaidi uchokozi wa mzunguko: kusengenya, kumtenga mtu, kumchukua rafiki mwingine ili kumkomoa wa kwanza. Hapo mwenzangu angepiga makofi. Lakini mwaka 2008 uchambuzi uliokusanya tafiti 148 ukakuta kwamba katika uchokozi huo wa mzunguko tofauti ya wavulana na wasichana ni ndogo mno, karibu haina maana. Tofauti kubwa ilikuwa kwenye ngumi. Yaani wavulana nao wanasengenya. Wanaruhusiwa tu kuongeza na ngumi juu. Ukimnyima mtu njia moja usimshangae anapobobea kwenye nyingine.

Kuna utafiti mwingine ambao ulinikalia vibaya zaidi. Mwanaanthropolojia Victoria Burbank alipitia mwaka 1987 maandiko ya jamii nyingi za dunia, akaona kwamba wanawake wakigombana, mara nyingi wanagombana na wanawake wenzao, na sababu inayojirudia ni mwanamume. Nilisoma hapo nikaitazama doti ya bibi.

Kwa sababu ukirudi nyuma kwenye yote niliyoyaeleza, kanga, lelemama, mipasho, kusuta, kote huko aliyekaa kwenye ile meza ni mwanamke. Tulijengewa uwanja mzuri sana wa vita, wenye nyimbo na sare na sheria, na ndani ya uwanja tukawekwa sisi kwa sisi. Babu hakuwahi kupitiwa mbele na kanga. Babu alikuwa msikitini.

Lakini si kila mara. Siti yule yule aliyetukanwa aliimba pia kuhusu Kijiti, mwanamume aliyemuua mwanamke Unguja kisha akavukia bara na kuuponyoka mkono wa sheria, huku wanawake waliokuwa wamefuatana na marehemu wakibebeshwa lawama. Wimbo ukamtaja kwa jina lake. Hakuna fumbo hapo, na anayesutwa ni muuaji pamoja na mahakama ya mkoloni iliyomkosa.

Halafu kuna Bibi Titi Mohamed. Kabla hajawa kiongozi alikuwa mwimbaji wa kundi la ngoma Dar es Salaam lililoitwa Bomba. Mwaka 1955, John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza alipotembelea TANU akauliza wanawake wako wapi. Viongozi wakatahayari, wakamtafuta Titi. Naye hakwenda kugonga mlango mmoja mmoja. Alikwenda kwenye vikundi vya ngoma, vile vile vilivyokuwa vikishindana kwa sare na vijembe, akazungumza na viongozi wao. Katika muda wa miezi michache wanachama wanawake walihesabika kwa maelfu. Susan Geiger aliyewahoji wanawake hao miaka ya 1980 anaonyesha kwamba walikuwa na kila kitu tayari: viongozi, fedha za kuchangishana, namna ya kupeleka habari kutoka nyumba hadi nyumba, na ujasiri wa kusimama mbele ya watu. Kilichobadilika ni meza ambayo noti ilipepea mbele yake.

Nilimpigia simu mama mdogo jana usiku kumsomea haya. Alisikiliza mpaka mwisho. Nikamuuliza swali ambalo sikuliuliza Tanga.

"Na babu? Bibi hakuwahi kumwambia kitu?"

Kimya. Nikadhani mtandao umekatika.

"Alimwambia mara moja," akasema. "Usiku ule aliporudi msibani. Sisi tulikuwa tumelala, tukaamshwa na sauti. Alimwambia: yule mwenzangu amezika mtoto, na wewe hukumpeleka hospitali kwa sababu uliogopa mimi nitasema umependelea upande. Kwa hiyo huyo mtoto ni wa sisi watatu."

"Babu akajibu nini?"

"Alitoka nje. Akakaa barazani mpaka alfajiri." Akanyamaza tena. "Hiyo usiiandike."

Baadaye kidogo akaniandikia ujumbe: andika, ila usitaje majina. Sikutaja.

Kwa wasomaji wa Mombasa na Unguja: kama una bibi au shangazi aliyecheza lelemama, au anayekumbuka siku za Royal Air Force, kaa naye mapema umuulize, hasa aliimbiwa nani na kwa kosa gani. Ukipata chochote niandikie. Na kama kuna anayejua fundi mzuri wa kupinda kanga Kariakoo, anielekeze, maana cherehani ya mama imekufa.